Mafundisho ya Sayansi kwa Njia ya Kujaribu

Wasomaji wetu wengi wana watoto shuleni, na wengine ni walimu wenyewe. Kwa hiyo twapenda kueleza jambo liwahusulo wote, nalo ni jinsi ipasavyo sayansi ifundishwe, tangu shule ya watoto wadogo mpaka chuo kikuu. Watu wengi hudhani kwamba sayansi ni maneno magumu ya kukaririwa, na ya kuwa shule isiyo na vyombo vya bei kubwa haiwezi kuifundisha. Dhana hiyo si ya kweli. Sayansi ni desturi ya kuuliza, kukisia, kujaribu, kupima, kisha kuyakubali yaliyoonekana hata yakiwa kinyume cha tulivyokisia. Desturi hiyo ni moja kwa mtoto wa miaka saba na kwa mwanachuo. Kizidicho ni vipimo na hesabu tu.

Tuanze na watoto wadogo. Mwalimu na atwae makopo mawili yaliyotobolewa chini, ayatie udongo wa namna moja, na kupanda punje nne za maharagwe katika kila kopo. Yote mawili yatiwe maji sawasawa. Moja liwekwe mwangani, la pili lifunikwe kwa sanduku lisilopenyeza nuru. Kabla ya kulifunika, awaulize watoto ni punje zipi zitakazoota, na majibu yao ayaandike ubaoni, wala asiseme nani amepata na nani amekosa. Aghalabu wengi watasema kwamba za gizani hazitaota. Juma moja na zaidi likipita wataona kwamba zimeota pande zote mbili, tena miche ya gizani imerefuka kupita ya mwangani, lakini ni myembamba, na rangi yake ni ya njano iliyopauka.

Hapo ndipo mahali pa kueleza. Punje ina akiba ya chakula ndani yake, nayo yatosha kuiotesha. Akiba ikiisha, mche wahitaji nuru ili ujitengenezee chakula, na ukiikosa hufa. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake hayasahau upesi. Tena amejifunza jambo lililo kubwa kuliko habari za maharagwe, yaani katika kujaribu hubadilishwa kitu kimoja tu, na vingine vyote huachwa sawa. Kama kopo la gizani lingalipata maji mengi zaidi, tusingalijua tofauti yatokana na giza au na maji.

Wanafunzi waliokua kidogo yafaa wafundishwe kupima. Jiwe dogo lifungwe kwa uzi na kuning'inizwe msumarini, na toka msumari mpaka katikati ya jiwe pawe sentimita 25. Livutwe kando kidogo, liachwe, na kwa muda wa dakika moja ihesabiwe ni mara ngapi laenda na kurudi. Watapata kama mara 60. Kisha uzi urefushwe uwe sentimita 100, nao watapata kama mara 30. Basi uzi ukizidishwa mara nne, hesabu hupungua nusu. Sasa na wakisie itakuwaje wakifunga jiwe zito zaidi pasipo kuugeuza urefu. Watapima na kuona kwamba uzito haubadilishi kitu. Kundi likipata 59 na jingine 61, mwalimu asiwakaripie, wala asiwaache wafute na kuandika 60. Kila kipimo kina upungufu wake, na dawa yake ni kupima tena na tena.

Twafika sasa katika shule za sekondari na vyuo, na mfano ulio bora tunao hapa kwetu. Mwaka 1963 kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, wilaya ya Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa chache, naye akayaweka yake yangali moto. Baadaye akaona kwamba yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa. Akamwuliza mwalimu sababu yake, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Lakini hakuacha, bali alijaribu mwenyewe kwa maji.

Siku moja Dr. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alizuru shule ile. Mpemba akamwuliza swali lake mbele ya wote, na wenzake wakacheka. Bwana Osborne naye aliliona neno hilo kuwa la ajabu, lakini hakumdharau kijana. Aliahidi kulijaribu, akarudi Dar es Salaam, likajaribiwa, na matokeo yakaafikiana na maneno ya Mpemba. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari hiyo katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jina la Mpemba lajulikana kwa wataalamu duniani kote.

Jambo lenyewe halijaisha. Mwaka 2016 wataalamu wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walichapisha vipimo vyao na kusema kwamba hawakuona ushahidi wa maji ya moto kupoa upesi kuliko ya baridi. Wengine wameendelea kulichunguza. Mabishano hayo hayamwondolei Mpemba heshima yake, kwani hata wampingao wampinga kwa kupima, si kwa kicheko. Ndiyo haki aliyoinyimwa darasani.

Enyi walimu, twajua kwamba mitihani ni mingi na vipindi ni vichache. Hata hivyo, mtoto akiuliza neno msilolijua, si aibu kumwambia, "Sijui, tujaribu tuone." Neno hilo lafundisha sayansi kuliko kurasa nyingi za kunakiliwa. Nanyi wazee, makopo, nyuzi, mizani na kipande cha shamba la shule ni vitu vilivyo katika uwezo wa kijiji. Msingoje vyote vitoke mbali. Na mtoto akiuliza nyumbani mbona umande waonekana asubuhi, msimfukuze kwa kumwita msumbufu. Kuuliza si ujinga, na swali lililozimwa kwa kicheko huenda lisiulizwe tena kamwe.