Usingoje Jino Likuume

Huku bara ya Mombasa, Mtongwe kama Mishomoroni, watu wengi humwendea daktari wa meno kwa jambo moja: kung'oa. Jino limekesha likigonga, dawa ya dukani imeshindwa, ndipo mtu anatafuta nauli. Asiyeumwa ukimwambia aende akaangaliwe kinywa hushangaa. Akaangaliwe nini?

Pamoja na mengine, saratani ya koo iletwayo na virusi vya HPV. Virusi hivi tumezoea kuvisikia vikitajwa kwa saratani ya mlango wa kizazi, tukadhani ni balaa la kina mama peke yao. Lakini HPV, hasa aina ya 16, hukaa kooni pia, kwa wanaume na kwa wanawake. Huambukizwa kwa ngono, ikiwemo ya mdomo. Aghalabu mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki, na uvimbe ukaja kujitokeza miaka mingi baadaye, mara nyingi bila maumivu yoyote. Hapo ndipo desturi yetu ya kungoja kuumwa inapotuponza.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika chache. Daktari hukuelekezea taa, akafunua midomo, akapitisha kioo kidogo mashavuni na nyuma ya meno. Huushika ulimi kwa kipande cha shashi, akauvuta na kuugeuza huku na huku, kwani vidonda vibaya hupenda kujificha pembeni kwa nyuma. Hukwambia useme "aaa" atazame kaakaa na tezi za koo: je, moja imekua kuliko mwenzake? Kisha vidole vyake hushuka taratibu kutoka nyuma ya sikio, chini ya taya, mpaka kwenye mtulinga, vikitafuta mtoki. Uvimbe wa shingo usiouma mara nyingi ndio dalili ya kwanza ya saratani hii. Daktari asipoigusa shingo yako, mwombe aiguse.

Virusi vyenyewe daktari havioni. Hakuna kipimo kilichoidhinishwa cha kumchunguza mtu asiye na dalili kama ana HPV kooni, na saratani hii huanzia kwenye vijishimo vya tezi za koo na kwenye shina la ulimi, mahali ambapo kioo hakifiki vizuri. Kwa hiyo ukiambiwa kinywa kiko sawa, bado uvimbe shingoni, sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa au shida ya kumeza ni mambo ya kurudi nayo hospitali. Anachoweza daktari wa meno ni kuona chunjua, kidonda kilichopita wiki 2 bila kupona, au utando mweupe au mwekundu, akakuandikia rufaa ukakatwe kinyama kidogo kipimwe. Jicho hilo hilo humfaa mvutaji sigara, mnywaji pombe na mlaji wa tambuu yenye tumbaku, nao wana saratani zao za kinywa. Ile ya HPV, ikiwahiwa, husikia matibabu vizuri kuliko ya tumbaku.

Kinga iko, na ilizinduliwa papa hapa Mombasa Oktoba 2019, chanjo ya HPV ilipoingizwa katika ratiba ya taifa kwa wasichana wa miaka 10. Utafiti wa KEN SHE, uliofanywa Kenya kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulionyesha mwaka 2022 kuwa sindano moja tu huzuia kwa asilimia 97.5 maambukizi ya kudumu ya aina za 16 na 18 kwenye mlango wa kizazi. Na koo? Costa Rica walipima vinywa vya wanawake miaka minne baada ya kuchanjwa, na aina hizo mbili zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Mzazi wa Changamwe anayempeleka bintiye wa miaka 10 kung'olewa jino la utoto aulize hapo hapo hospitalini chanjo inatolewa chumba gani.