Wawili Bila Mpiga Besi

Mashabiki wa mpira Ulaya wana wimbo wao usio na maneno: noti saba nzito, zinarudiwa hadi uwanja mzima unatikisika. Italia ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006, mashabiki wake waliziimba mpaka mitaani. Noti hizo zimetoka katika "Seven Nation Army", wimbo wa mwaka 2003 wa The White Stripes, na wengi wanaousikia hudhani ni gitaa la besi. Sivyo. Kundi hilo halikuwa na mpiga besi.

Walikuwa wawili tu, wenyeji wa Detroit, Marekani: Jack White kwenye gitaa na sauti, Meg White kwenye dramu. Walianza mwaka 1997. Hadharani walijitambulisha kuwa kaka na dada, kumbe ni mke na mume, tena Jack ndiye aliyechukua jina la ukoo la Meg. Walitalikiana mwaka 2000, muziki ukaendelea.

Besi ile ni gitaa la kawaida. Jack hukanyaga kifaa cha umeme kilichowekwa sakafuni, nacho hushusha kila noti oktava nzima, gitaa likanguruma. Chini yake Meg anapiga dramu ya mguu, pigo moja moja, sawasawa, kama mtu anayetwanga. Wapo waliosema hajui kupiga. Nadhani hawakumsikiliza. Mpiga dramu mwenye mbwembwe angeziba kila nafasi, na ni katika nafasi hizo sauti ya Jack inapata pa kusimama.

Uchache huo una asili yake katika bluzi. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1999, waliitoa kwa heshima ya Son House, mkongwe wa Mississippi. Wimbo wa Son House ambao Jack anaupenda kuliko nyimbo zote hauna ala hata moja: ni mzee anaimba na kupiga makofi, basi. Ukishausikia huo, utaelewa kwa nini albamu ya *Elephant*, yenye "Seven Nation Army", ilirekodiwa London kwenye mitambo ya zamani ya mkanda wa njia nane, bila kompyuta.

Baada ya albamu sita, walitangaza kulivunja kundi Februari 2011. Usikilize tena wimbo ule wa uwanjani, lakini safari hii lisahau gitaa. Ufuate mguu wa Meg, mwanzo hadi mwisho.