Njia Kuu ya Mtaa: Kwa Nini Wakazi Huulizwa Kwanza

Katika kila mtaa wa mji hapakosi njia moja inayozipita nyingine kwa shughuli. Ndiyo njia iendayo sokoni, shuleni, kwenye kituo cha mabasi na kwenye nyumba za ibada. Alfajiri hujaa watu waendao kazini kwa miguu. Adhuhuri hupita mikokoteni yenye madumu ya maji. Jioni akina mama huweka meza zao za mboga na samaki kando yake. Njia hiyo ikiharibika, mtaa mzima hutaabika. Ikitengenezwa vema, mtaa mzima hufaidika.

Kwa sababu hiyo wakuu wa miji hutunga kanuni za kuonyesha jinsi njia kuu ya mtaa itakavyojengwa. Yafaa kila mkazi ajue kanuni hizo ni za namna gani, na kwa nini si haki zitungwe pasipo yeye kuulizwa.

KANUNI ZENYEWE

Kanuni za njia husema upana wake uwe kiasi gani, magari yapite wapi na waendao kwa miguu wapite wapi. Husema nyumba zijengwe mbali kiasi gani na ukingo wa njia, na ziende juu kiasi gani ili jua na hewa vifike chini. Kadhalika huonyesha mfereji wa maji ya mvua, mahali pa taa na miti, na mahali ambapo mchuuzi aweza kuweka meza yake asimzuie mpita njia.

Kila kanuni yaonekana ndogo ikiandikwa karatasini. Lakini katika mtaa uliosongamana, mita moja ya ardhi ni chumba cha mtu au duka la mtu.

HESABU YA MITA SABA

Kwa desturi ya mafundi wa mipango ya miji nchini Kenya, njia ya kawaida ya kuingilia nyumba za mtaa hupewa upana wa mita 9. Katika vijiji vya mabati vya Nairobi, chumba cha jamaa moja mara nyingi ni futi 10 kwa futi 10, yaani kama mita 3 kila upande. Tuseme basi kwamba kichochoro kina upana wa mita 2. Ili kifikie mita 9, sharti zipatikane mita 7 zaidi, nazo ni zaidi ya safu mbili za vyumba.

Fundi akaaye ofisini huona mistari miwili juu ya ramani. Mkazi huona majirani zake wakitafuta pa kulala. Hata hivyo fundi naye hakukosea, kwa maana moto ukizuka usiku, gari la kuzima moto halipiti katika kichochoro cha mita 2, wala gari la wagonjwa halimfikii mama aliyeshikwa na uchungu. Haja zote mbili ni za kweli, na hakuna kitabu cha kanuni kiwezacho kuzipatanisha chenyewe. Hupatanishwa kwa watu kukaa pamoja na kushauriana kabla mistari haijachorwa.

MAMBO YA MUKURU

Mfano mkubwa wa mashauri hayo waonekana Mukuru, kando ya viwanda vya Nairobi. Ardhi nyingi ya mahali hapo iligawiwa watu na makampuni ili wajenge viwanda, lakini sehemu kubwa haikujengwa hivyo, na watu wenye mishahara midogo wakafanya maskani yao hapo.

Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza kwamba Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani ni eneo maalumu la mipango. Ujenzi mpya ulisimamishwa kwa miaka 2 ili mpango utungwe. Jamaa zilizohesabiwa zilizidi 100,000.

Hapo pakazuka swali: watu wengi namna hiyo wataulizwaje? Haiwezekani kuwakusanya wote chini ya mti mmoja. Tena katika baraza kubwa husema wachache tu, yaani wenye majumba, wenye maduka na wenye sauti kubwa. Mpangaji huogopa kufukuzwa na mwenye nyumba, na mama auzaye mandazi hana nafasi ya kuacha meza yake.

Kwa hiyo jamaa zilipangwa kumi kumi, kisha makumi yakaunganishwa kuwa mamia, na mamia kuwa sehemu kubwa zaidi. Chama cha Muungano wa Wanavijiji kilisaidia kazi hiyo. Penye watu kumi, hata mnyamavu husema. Wataalamu nao walijigawa makundi 8, wakishughulikia nyumba na barabara, maji, afya, elimu, ardhi, fedha, mazingira, na mawasiliano na wakazi.

Katika mashauri hayo ilikubaliwa kwamba si kila njia iwe na upana ule wa vitabuni, ili watu wachache tu wahamishwe. Tangu mwaka 2020 barabara kadhaa za Mukuru zilitiwa lami, na mabomba ya maji safi na ya maji machafu yakalazwa.

MASHAURI NI LAZIMA YALINDWE

Lakini mambo hayakuwa mema siku zote. Mwishoni mwa mwaka 2021 matingatinga yalibomoa nyumba katika Mukuru kwa Njenga ili kupisha barabara, na maelfu ya watu wakabaki bila makao. Jambo hilo lafundisha kwamba kuulizwa mara moja hakutoshi. Mashauri yakiisha, yapasa yaandikwe, yahifadhiwe, na yaheshimiwe na kila idara ichoraye njia mahali pale.

Sheria yaunga mkono jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka wakazi wa miji washiriki katika uongozi wa miji yao, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yasema kwamba ni lazima wananchi washirikishwe katika mipango ya kaunti.

LIMPASALO MKAZI

Kwanza, aende mapema. Ramani iliyokwisha kupigwa mhuri ni ngumu kubadilishwa.

Pili, aende na habari za kweli. Wakazi waweza kuipima njia yao kwa kamba, na kuhesabu wapitao asubuhi, adhuhuri na jioni. Waangalie pia siku ya mvua maji yanasimama wapi. Fundi apitaye mara moja wakati wa kiangazi hawezi kuyajua hayo.

Tatu, aseme atakachoweza kukiacha. Mwenye duka akirudisha kibaraza chake nyuma hatua moja, na mchuuzi akikubali kupanga meza upande mmoja, njia yaweza kupatikana pasipo chumba kubomolewa.

Nne, aulize majibu. Shauri lake likikataliwa, ana haki ya kuelezwa sababu.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi wa mipango anajua vipimo, naye ahitajiwa sana. Lakini mahali mtoto anapovukia kwenda shule, na mahali maji yaingiapo nyumbani usiku wa masika, mwenye kujua ni yule akaaye hapo.