Matairi Yafaayo kwa Barabara za Nchi ya Chai

Katika milima ya Kericho na Bomet mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na mara nyingi huanguka alasiri baada ya asubuhi yenye jua. Mvua hiyo ndiyo ikuzayo chai. Lakini ndiyo pia igeuzayo barabara za moramu kuwa utelezi, saa ile ile malori yanapozunguka katika vituo vya kununulia majani. Majani mabichi hayangoji. Yakikaa mno ndani ya magunia hupata moto na kuharibika, na mkulima hupoteza jasho la siku nzima. Kwa hiyo lori lililozama mtaroni si hasara ya mwenye lori peke yake.

Tena si majani tu yaliyo hatarini. Watu wa Kericho hawajasahau jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lilipowavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Ajali huwa na sababu nyingi, wala si kila moja hutokana na matairi. Hata hivyo, kila dereva ateremkaye katika milima hii yampasa ajue jambo moja: breki husimamisha gurudumu, lakini kinachosimamisha gari ni tairi kushika barabara.

Viganja Vinne

Tairi la motokaa ndogo hugusa ardhi kwa sehemu iliyo kama kiganja cha mtu mzima. Basi motokaa nzima, pamoja na watu na mizigo, hushikwa na viganja vinne tu, na pikipiki ya boda boda hushikwa na viwili vilivyo vidogo zaidi. Nguvu ya viganja hivyo ina kikomo. Dereva akiitumia yote kwa kukanyaga breki, haibaki ya kupinda kona. Ndiyo sababu mwenye busara hupunguza mwendo kabla ya kuingia kona, si akiwa katikati yake. Tena mwendo ukizidi mara mbili, kutoka kilometa 40 kwa saa hadi 80, gari huhitaji nafasi mara nne ili lisimame baada ya breki kukanyagwa.

Maji ya mvua yasipopata njia ya kutoka chini ya tairi, tairi hupanda juu yake, na usukani huwa mwepesi mkononi wala haufanyi kazi. Mifereji iliyo katikati ya meno ya tairi ndiyo iyatoayo maji hayo. Tairi jipya la motokaa ndogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Ndani yake mna vinundu vidogo vya mpira. Meno yakilika hata yakawa sawa na vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6 tu, na tairi limekwisha. Wako watu wachongao mifereji mipya kwa kisu cha moto juu ya tairi lenye kipara. Hiyo ni hatari kubwa, maana kisu hupunguza mpira uliobaki na huweza kufika kwenye nyuzi zilizo ndani, na tairi likapasuka likiwa na mzigo.

Tairi la Kasi na Tairi la Tope

Vijana wengi hutamani matairi mapana, yenye ubavu mfupi na mpira laini, yaliyotengenezwa kwa mwendo wa kasi. Hayo ni mema mahali pake, kwani kwenye lami nzuri hushika sana. Lakini kwenye moramu iliyolowa, mifereji yake myembamba hujaa tope mara moja, na tairi jipya la bei kubwa huwa sawa na lenye kipara. Ubavu mfupi nao hauwezi kupokea mashimo na mawe. Rimu hupinda, au tairi hukatika. Mchuma chai hashuki shambani kwenye mteremko akiwa amevaa viatu vya ngozi vya Jumapili, ingawa bei yake ni kubwa kuliko ya gambuti.

Tairi la tope lina meno makubwa yaliyoachana, ambayo hulitupa tope nje kila gurudumu linapozunguka. Nalo lina kasoro yake: kwenye lami mpira unaogusa ardhi ni mchache, hivyo gari huchelewa kusimama. Basi apitaye lami kila siku anunue tairi la lami lenye mifereji mirefu. Akaaye ndani ya moramu anunue la tope. Na atumiaye barabara zote mbili achague lililo katikati ya hayo mawili.

Hata mabingwa hufanya hivyo. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda mashindano ya Safari mwaka 1965, 1974 na 1976. Katika mashindano ya namna hiyo matairi huchaguliwa kwa kufuata barabara na hali ya hewa, wala si kwa sura yake.

Kusoma Ubavu wa Tairi

Mnunuzi akiona 205/55 R16 91V, ajue kwamba upana ni milimita 205. Kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo. Na rimu ni ya inchi 16. Namba 91 ni uwezo wa kubeba kilo 615 kwa tairi moja, na herufi V ni mwendo usiozidi kilometa 240 kwa saa. Gari la abiria nchini Kenya haliruhusiwi kupita kilometa 80. Basi mwenye matatu aangalie kwanza namba ya mzigo. Pia ziko tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliozeeka hukauka na kuwa mgumu hata kama meno yake ni marefu, na tairi lililokwisha kutumika ng'ambo laweza kuwa hivyo.

Mwisho, upepo. Kipimo chake huandikwa kwenye nguzo ya mlango au katika kitabu cha gari, nao hupimwa matairi yakiwa baridi. Upepo ukizidi, tairi hugusa ardhi kwa katikati tu. Ukipungua, hugusa kwa kingo na kupata moto. Kuupima ni kazi ya dakika chache asubuhi, kabla mawingu ya alasiri hayajakusanyika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.