Askofu Steere na Kiswahili cha Vitabu

Katika somo la Kiswahili, Kidato cha Pili, muhula huu palitokea ubishi. Wanafunzi wawili walileta Biblia za nyumbani kwao. Moja ilikuwa ya bibi, kuukuu, jalada lake limeshonwa kwa uzi. Ya pili ilikuwa mpya. Wakasoma sura moja, na maneno hayakuwa sawa. Basi darasa likagawanyika: ipi ndiyo ya kweli? Niliwaambia ya kwamba nitajibu katika gazeti letu, maana jibu ni refu, nalo linaanzia Unguja kwa mtu aitwaye Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akapata shahada ya juu kabisa ya elimu hiyo katika Chuo Kikuu cha London, na angeweza kukaa kwao akala mali yake kwa raha. Akaiacha sheria, akawa kasisi katika kijiji kidogo cha Uingereza. Mwaka 1863 alimfuata rafiki yake, Askofu Tozer, aliyetumwa na Misheni ya Vyuo Vikuu kwenda nchi za mto Shire. Huko mambo hayakufaa, na mwezi wa Agosti 1864 wakahamia Unguja. Sultani Majid aliwapa watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa shule yao ya kwanza.

Sasa tazameni shida yake. Watoto wale walitoka bara, kila mmoja na lugha ya kwao. Mwalimu naye hakujua hata moja. Lugha ya kuwakutanisha ilikuwa Kiswahili, naye Steere akaanza kujifunza kama mtoto, akiwauliza wenyeji wa mji, masheikh na watu wa kawaida, na kuandika kila alilosikia. Mmoja wa waliomsaidia sana alikuwa kijana Mwislamu, Hamisi wa Kayi. Mwaka 1870 alitoa vitabu viwili. Kimoja kilieleza sarufi na maneno ya Kiswahili cha Unguja. Cha pili kilikuwa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Ninyi mnaojua habari za kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini, au habari za Mwalimu Goso, jueni kwamba Steere alizichapa zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita. Mimi nakipenda kitabu hicho kuliko vyake vyote, kwa sababu humo hasemi yeye, wanasema Waswahili.

Wengine husema ya kwamba Steere ndiye aliyeanzisha kuandika Kiswahili. Si kweli. Watu wa pwani waliandika tenzi zao kwa herufi za Kiarabu zamani sana. Nakala ya Utendi wa Tambuka ina tarehe ya mwaka 1728. Wala hakuwa Mzungu wa kwanza katika kazi hii. Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wake mchanga katika miezi michache, na mwaka huo huo akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Kitabu chake cha sarufi kilichapwa mwaka 1850. Lakini Krapf alifuata Kimvita, na Steere Kiunguja. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipochagua lahaja ya kutumiwa shuleni katika Afrika ya Mashariki, ulichagua Kiunguja. Ndiyo maana mtoto wa Iwawa, aliyezaliwa katika Kikinga na baridi ya milimani, leo anafanya mtihani kwa lugha ya mjini Unguja.

Steere alifasiri Maandiko kidogo kidogo: Injili ya Mathayo, Zaburi, na vingine, hata akamaliza Agano Jipya. Alikuwa na mtambo wa kupiga chapa, akawafundisha vijana wa misheni kupanga herufi. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mahali pale pale likaanza kujengwa kanisa la Mkunazini. Mwaka 1874 akawa askofu. Mwaka 1876 aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kwenda kusini, wakaanzisha kijiji Masasi. Alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lile. Agano Jipya lote lilitoka mwaka 1883, na Biblia nzima mwaka 1891, kwa mikono ya wenzake.

Nirudi kwenye ubishi. Mfasiri yeyote hukutana na neno lisilokuwapo katika lugha anayoiandikia. Steere hakutunga maneno mapya kama aliweza kuyakuta sokoni. Malaika, nabii, dhambi, baraka, sadaka: yote yametoka katika Kiarabu, na Waislamu wa Unguja walikuwa nayo vinywani kabla yake. Aliyachukua kwa kuwa msikilizaji aliyaelewa tayari. Neno ubatizo asili yake ni Kiyunani.

Baadaye wamisioni wa Kijerumani waliona kwamba maneno ya Kiarabu yalikuwa mageni kwa watu wa bara. Karl Roehl alitoa Biblia yake mwaka 1937, akijitahidi kuyapunguza na kuweka maneno ya Kibantu. Ilisomwa sana makanisani mwa Walutheri, na ndiyo hiyo ya bibi. Mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Muungano, iliyokusudiwa kuwafaa watu wa Unguja na wa Mvita pamoja. Ndiyo ile mpya.

Basi hakuna mwongo katika hizo mbili. Roehl alimfikiria mkulima wa bara, na kwa hilo simlaumu. Hata hivyo naona Steere alikuwa na haki zaidi, kwa kuwa neno likiisha kukaa katika lugha vizazi vingi halina tena pa kurudi. Nani leo atatuambia tuache kusema kitabu, au habari?

Jerome, aliyefasiri Biblia kwa Kilatini na kufa Bethlehemu mwaka 420, alijifunza Kiebrania kwa walimu Wayahudi, na Wakristo wenzake wakamnung'unikia. Steere alijifunza kwa Waislamu, akawataja na kuwashukuru katika vitabu vyake. Huku kwetu, mmisioni R. Wolff wa misheni ya Berlin alichapa sarufi ya Kikinga mwaka 1905. Nawaomba wazazi wenye wazee nyumbani wawaulize ni nani waliokaa na Wazungu wale wakiwafundisha maneno ya Kikinga. Majina mtakayoyapata yaleteni shuleni, tuyaandike katika toleo lijalo.