Setilaiti Huona Moshi

Jirani akichoma shamba, tunaona moshi wake. Je, moto ukiwa mbali sana, nani atauona moshi? Setilaiti huuona. Setilaiti ni chombo kinachozunguka dunia juu angani na kupiga picha.

Mwezi Juni 2023 misitu ya Quebec, nchini Kanada, iliwaka. Upepo ulipeleka moshi mpaka mji wa New York, Marekani. Wataalamu walitazama picha, moja baada ya nyingine, wakajua moshi unaelekea wapi.

Lakini picha haionyeshi vizuri kama moshi umeshuka chini, tunapovuta hewa. Kwa hiyo hewa ilipimwa pia mjini. Wakazi wakaambiwa wakae ndani na wafunge madirisha. Moshi huumiza mapafu, hasa ya watoto na wazee.