Dirisha la boti likichoka, weka plastiki hii

Ukiiacha bandari ya Dar es Salaam na kushika njia ya kusini hadi Kimbiji, Kigamboni, unakutana na Bahari ya Hindi yenyewe. Upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka, boti ya matanga inalala upande na mawimbi yanapiga madirisha ya kabini. Dirisha bovu likitoka hapo, maji yanajaa ndani haraka.

Kioo cha nyumbani hakifai. Kikivunjika kinatoa vipande vyenye makali, na uzito wake ni kama mara mbili ya plastiki. Plastiki ngumu zinazotumika ni mbili:

Akriliki. Wengi wanaiita perspeksi, ile ya mabango ya maduka. Inavumilia jua kwa miaka mingi, ila ikipigwa kwa nguvu inapasuka.

Polikaboneti. Ndiyo ya ngao za polisi wa kutuliza ghasia. Kuivunja ni kazi, lakini inachubuka upesi, na isiyo na tabaka la kuzuia jua inageuka njano.

Kwa jua la Pwani, akriliki nene inafaa zaidi madirisha ya pembeni.

Kosa liko kwenye kufunga

Akriliki hutanuka kwa joto karibu mara 8 ya kioo. Shiti ya mita 1 ikiongezeka joto kwa nyuzi 30, inarefuka kama milimita 2. Ikiwa imekazwa sana haina pa kwenda: nyufa zinaanzia kwenye matundu ya bolti, gundi inaachia, maji yanapenya.

Fanya hivi

- Tumia dirisha la zamani kama kipimo. Shiti mpya isiwe nyembamba kuliko hilo.
- Toboa taratibu, tundu lizidi bolti kwa milimita 2 hivi. Acha nafasi pembezoni pia.
- Paka silikoni nene, na usikaze hadi yote itoke. Kwa polikaboneti, epuka silikoni inayonuka siki, huweza kuipasua.
- Usisafishe kwa petroli wala tina ya rangi. Maji na sabuni laini vinatosha.

Silikoni ikishakauka, limwagie dirisha maji kwa mpira huku mwenzako akikagua ndani. Likivuja nchi kavu, usitweke tanga. Litoe, ulifunge upya.